Serikali Ilipojifunza Mwandiko wa Mama

Nchi hii msiitafute kwenye ramani. Mimi mwenyewe niliitafuta kwa nia njema kabisa, nikakuta mahali pake pana doa la chai. Kwa hiyo atakayesema anaifahamu, au kwamba amewahi kupanga foleni kwenye ofisi zake, huyo ana yake moyoni na mimi simo.

Katika nchi hiyo Serikali ilikuwa inaandika sana na wananchi walikuwa hawasomi kabisa. Barua zake zilipigwa kwa herufi kubwa, nyeusi, zilizosimama wima kama askari wa gwaride: MNATANGAZIWA. MNAKUMBUSHWA. MNAONYWA KWA MARA YA MWISHO. Mwananchi akipokea barua ya namna hiyo aliigeuza aone kama upande wa pili ni mweupe, kisha akampa mwanawe achoree. Wizara ya Ukaribu na Wananchi ilifanya utafiti wa miaka minne, ikagundua kwamba Onyo la Mwisho ndiyo karatasi bora nchini ya kufungia mihogo ya kukaanga, kwa kuwa wino wake hauachii.

Utafiti huohuo uligundua jambo la pili. Ilikuwapo karatasi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuitupa, nayo ni kadi ya harusi. Kadi ilisomwa na nyumba nzima, ikapelekwa kwa jirani akaione, kisha ikasimamishwa ndani ya kabati la vyombo mbele ya sahani za wageni. Ilikaa pale hata baada ya maharusi kuachana. Na karibu kadi zote zilikuwa na maandishi ya aina moja, yale yanayofanana na mwandiko wa mtu aliyekaa mezani kwake ametulia. Herufi zake zililala kidogo upande, zimeshikana mikono, na mkia wa y ulikwenda chini mpaka ulipotaka wenyewe.

Waziri wa Ukaribu, Mheshimiwa Daktari Mtutuzi, aliiweka kadi moja juu ya meza akaitazama asubuhi nzima.

"Huyu anayeandika hizi kadi," alisema mwishowe, "wananchi wanampenda kuliko sisi. Nileteeni hapa."

Walimweleza kwa heshima kwamba huyo si mtu, ni fonti ya kompyuta. Waziri akasema basi iletwe hiyo fonti, na kama ina mtu wake aje naye.

Mtu wake aliitwa Anatoli. Alikuwa mpole, mnene kidogo, mwenye duka la kuchapa kadi nyuma ya soko. Miaka sita nyuma alikuwa amechoshwa na fonti za kigeni zilizojaa kwenye kompyuta yake. Zilikuwa nzuri, lakini hazikuwa na mtu ndani. Siku moja akafungua bati la biskuti alimotunza barua alizoandikiwa na mama yake, Bi Veneranda, wakati yeye yuko shule ya bweni. *Mwanangu Anatoli, natumaini u mzima. Nakutumia sabuni mbili na karanga. Karanga usigawe zote.* Akazipitisha barua kwenye skana, akaanza kuchagua. Herufi m aliitoa kwenye "mwanangu", s kwenye "sabuni", k kwenye "karanga". Tatizo lilikuwa a, kwa sababu mama yake aliiandika kila mara kivyake. Nyingine ilifumba kabisa, nyingine ilikuwa wazi juu, nyingine ilikuwa na haraka ya mtu aliyeacha maharage motoni. Anatoli akachagua moja iliyokaa vizuri, nyingine zote akazifuta, maana ndivyo fonti zinavyotengenezwa. Akaiita Mwandiko wa Mama.

Mama mwenyewe hakumuuliza. Alijiambia atamfanyia mshangao. Baadaye kazi zikawa nyingi, na mshangao ukapitwa na wakati.

Sasa Serikali ilimpa ofisi, kiti kinachozunguka na cheo cha Mkuu wa Kitengo cha Mwandiko katika Idara ya Uchapaji. Fonti nayo ilikabidhiwa Kamati ya Taifa ya Uzuri wa Herufi, ambayo ilikaa siku kumi na moja katika hoteli ya ufukweni ikiitafakari. Ilirudi na pendekezo moja. Mkia wa y ukatwe, kwa kuwa ulionekana kuudharau mstari wa chini. Anatoli akaukata. Roho ilimuuma kidogo, lakini kiti kilikuwa kinazunguka vizuri.

Siku ya uzinduzi Waziri alihutubia uwanja uliojaa watu walioletwa kwa malori.

"Ndugu wananchi! Serikali zilizopita ziliwapigia makelele kwa herufi kubwa. Serikali hii inawanong'oneza! Kuanzia leo hamtaonywa tena. Mtaandikiwa!" Watu wakapiga makofi, kwa kuwa malori yalikuwa bado hayajawashwa. "Na niwaulize. Mama yako akikuandikia, anapiga muhuri? Anaweka sahihi ya Katibu? Anaandika kumbukumbu namba? Basi na sisi tumefuta! Karatasi yoyote iliyoandikwa kwa Mwandiko wa Mama ni amri halali. Haina haja ya muhuri wala sahihi, na itekelezwe palepale bila maswali. Maana ni nani kati yetu anayemhoji mama yake?"

Sina budi kukiri kwamba mafanikio yalikuwa makubwa. Tangazo la kwanza lilisema: *Wapendwa, maji hayatatoka wiki hii. Jitunzeni.* Watu walilia. Walikuwa wamekatiwa maji miaka yote, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia wajitunze. Mfungwa aliyeongezewa miaka mitano aliibusu karatasi ya hukumu. Geti la gereza kuu lilipakwa rangi ya pichi, likaandikwa *Karibu tena*. Gari la polisi linalomwaga maji ya kuwasha liliandikwa ubavuni *Poleni*, na waandamanaji waliolowa walikiri kwamba safari hii waliwashwa kwa namna ya kibinadamu zaidi. Makabati ya vyombo yakajaa matangazo ya Serikali, sahani zikahamia chini ya vitanda.

Hapo ndipo Baraza la Mawaziri lilipoamua kuushukuru mwandiko huo. Likapitisha ujenzi wa Jumba la Kumbukumbu la Mwandiko wa Mama, lenye kalamu ya zege ya ghorofa kumi na mbili mlangoni. Wataalamu walizunguka mji mzima wakitafuta kiwanja. Walichokipata, kwa vigezo vya kisayansi, ni Mtaa wa Vigae, ambao ulikuwa na watu, lakini watu wa aina inayohamishika.

Anatoli aliyajua haya akiwa mezani, akiipanga kadi ya kuwaarifu wakazi. Kwenye orodha ya nyumba za kubomolewa, ya kumi na nne ilikuwa ya Bi Veneranda. Ni vyumba vitatu na ukumbi, na kila tofali lake alilifyatua yeye na marehemu mumewe kwa mikono yao. Anatoli alizaliwa katika chumba cha nyuma.

Akaichukua orodha mpaka kwa Mkurugenzi wa Idara. "Mzee, samahani. Hii namba kumi na nne ni kwa mama yangu."

"Yule Mama? Mwenye mwandiko?" Mkurugenzi akasimama kwa furaha, akampa mkono. "Hongera! Ni mama wangapi duniani wanabomolewa nyumba kwa mwandiko wao wenyewe? Nenda kachape, kijana. Na usimwambie, tusiiharibu siku yake."

Anatoli akaenda akachapa. Sitamtetea. Alichapa kadi zote themanini, kwenye karatasi nzito yenye kingo za dhahabu.

Kadi ilisema hivi: *Kwa furaha kubwa, Serikali inawaalika wakazi wote wa Mtaa wa Vigae katika shughuli itakayofanyika mtaani hapo Jumamosi, saa nne asubuhi. Fika na familia yako na vyombo vyako vyote. Usikose.*

Nawaomba wasomaji wajiweke mahali pa watu wa Mtaa wa Vigae. Umeletewa kadi yenye kingo za dhahabu, kwa mwandiko ule, inayotaja furaha, familia na saa nne asubuhi. Utafanya nini? Walifanya kile ambacho babu zao wangefanya. Waliunda kamati.

Mwenyekiti alikuwa Baba Pili, fundi seremala mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa tatu. "Jamani, kadi haikutaja maharusi," alisema kwenye kikao cha kwanza, "lakini Serikali ndiyo inayoalika. Maana yake Serikali inaoza binti. Na imetuchagua sisi! Yaani mitaa yote hii, sisi!"

"Na vyombo tuje navyo vya nini?" mtu akauliza.

"Vya kupakulia, mama. Serikali ina watu wengi."

Wakachagua sare, kitenge cha zambarau na maziwa. Wakateua mshereheshaji, wakaagiza keki ya ngazi tano na kuazima hema la kanisani. Bi Veneranda peke yake ndiye aliyekaa barazani kwake na kadi ile mchana kutwa, akiisogeza karibu na macho na kuirudisha mbali.

"Huyu ameandika kama mimi," alimwambia Baba Pili. "Ila mkia wa y wameukata. Nani amenikata mkia?"

Jumamosi saa nne kamili Afisa Ubomoaji, Bwana Gwandumi, aliingia Mtaa wa Vigae na matingatinga mawili. Alizoea kupokelewa kwa mawe, na kofia ya chuma alikuwa ameshaivaa. Alipokelewa kwa vigelegele. Matarumbeta yalilia, na kina mama wa zambarau wakalizunguka tingatinga la kwanza, wakalifunga maua na riboni, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na shaka kwamba gari kubwa kiasi kile ndilo limembeba bibi harusi. Kabla Bwana Gwandumi hajafungua mdomo, madereva wake wawili walikuwa meza kuu, kila mmoja ana sahani ya pilau na kipande cha kuku.

Ilibidi apande juu ya kiti kueleza. Alieleza kwa upole, kama alivyofundishwa kwenye semina: hapana harusi, shughuli ni ya kubomoa, na vyombo ni vya kuhamia navyo. Tarumbeta la mwisho lilikufa taratibu. Baba Pili alikaa chini palepale kwenye vumbi, na sare yake mpya.

Bi Veneranda hakukaa. Alichukua kalamu iliyokuwa kwenye daftari la wageni, akageuza kadi yake, akaandika nyuma kwa utulivu: *Shughuli isimame mpaka sherehe iishe.* Akampa Bwana Gwandumi.

Bwana Gwandumi alisoma. Akatazama herufi zilivyolala, zilivyoshikana mikono. Muhuri haukuwapo wala sahihi, yaani kila kitu kilikuwa kimekamilika. Akabana visigino, akapiga saluti, akaamuru injini zizimwe, naye akaenda kutafuta sahani.

Sherehe hiyo ilichukua wiki tatu. Wanaojua harusi za nchi ile watakubaliana nami kwamba sherehe haijaisha mpaka kikao cha kuvunja kamati kikae. Kamati ya Mtaa wa Vigae iliitisha kikao hicho mara kumi na moja, na mara zote kikaahirishwa kwa kukosa akidi. Wajumbe walikuwa nyuma ya hema, wamechutama, wakizibana midomo wasicheke.

Wiki ya nne askari walikuja wakamchukua Bi Veneranda. Alishtakiwa kwa kughushi mwandiko wa Serikali.

Mahakama ilijaa. Anatoli aliitwa kuwa shahidi wa kwanza.

"Shahidi," alisema mwendesha mashtaka, "herufi za Mwandiko wa Mama ulizitoa wapi?"

Mama yake alimtazama kutoka kizimbani. Anatoli aliona kwamba akisema ni za mama yake, amekiri kuwa mama anaandika kama Serikali, na hilo ni kosa la miaka saba. Akisema si zake, anamkana mama yake mbele ya watu.

"Nilizitoa kwenye bati la biskuti," akasema.

Mahakama iliandika: bati la biskuti. Bi Veneranda aliinamisha kichwa. Sasa alikuwa amejua.

Kisha akaja Mtaalamu Mkuu wa Mwandiko na rula yake. Mshtakiwa aliamriwa aandike *Serikali inatupenda* mara kumi. Aliandika. Mtaalamu alipima nusu saa, akajifuta uso kwa kitambaa.

"Mheshimiwa Hakimu, Mwandiko wa Mama una a moja tu. Popote nchini, a ni ileile. Huyu bibi ameandika a thelathini, na hakuna mbili zinazofanana! Halafu y yake… Nimemwomba aandike neno 'yai' nione. Ina mkia hadi huku. Huyu si yeye."

Hakimu alisoma hukumu aliyoiandika kwa mwandiko aliouona mzuri mwenyewe. "Mahakama imeridhika pasipo shaka kwamba Bi Veneranda hawezi kuandika mwandiko wa Bi Veneranda. Hana hatia, aachiwe. Kwa sababu hiyohiyo, karatasi yake ni batili. Ubomoaji uendelee Jumatatu saa nne."

Jumapili mchana Anatoli alimkuta mama yake ukumbini, anafunga vikombe kwenye magazeti. Alisimama mlangoni.

"Mama, nisamehe."

"Kaa chini, usinizibie mwanga." Alifunga kikombe kingine. "Zile barua, Anatoli, nilikuandikia wewe. Ulikuwa mdogo, ulikuwa unalia huko bwenini. Sikumwandikia mtu mwingine yeyote. Leo nikienda dukani naona 'Mwenye deni hakopeshwi', nimeandika mimi. Nikipita gerezani, mimi. Majirani wananitazama. Uliniuliza?"

"Sikukuuliza, Mama."

"Na zile a nyingine, ambazo hukuzichagua. Ulizipeleka wapi?"

"Nilizifuta."

Bi Veneranda alitikisa kichwa, akaendelea kufunga. Anatoli alilia, mtu mzima yule na tumbo lake. Alilia kwa sauti, na mama yake alimwacha alie mpaka amalize.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "funguo za Idara ninazo. Ninachochapa mimi ni halali mpaka Ikulu. Niambie niandike nini. Safari hii nakuuliza."

Bi Veneranda aliweka kikombe chini. Alikuwa amehudhuria shughuli za nchi ile kwa miaka sitini, za harusi, za mahafali na za kufungua visima visivyo na maji, na zote alizisubiri juani. Uso wake ukaanza kunyooka kidogo.

"Ni nani," aliuliza polepole, "ambaye bila yeye shughuli haianzi, na hakuna anayethubutu kuuliza yuko wapi?"

Jumatatu saa nne Bwana Gwandumi alirudi na matingatinga yake. Kwenye kila nguzo ya mtaa ilibandikwa kadi yenye kingo za dhahabu. Kila a ilifanana na mwenzake, na y hazikuwa na mkia: *Kwa furaha kubwa mnajulishwa kwamba Mheshimiwa Rais atakuwa Mgeni Rasmi katika shughuli ya Mtaa wa Vigae. Tofali lolote lisiguswe kabla hajafika.*

Alisoma mara tatu. Rula aliyoazima kwa Mtaalamu Mkuu ilithibitisha. Akavua kofia ya chuma, akaagiza viti.

Hakuna ofisa katika nchi ile anayeuliza Mgeni Rasmi atafika saa ngapi. Wa mwisho kuuliza alihamishiwa wilaya ambayo bado haijaanzishwa. Hata Ikulu kwenyewe kadi ilipofika, wasaidizi wote waliisoma, na kila mmoja akaona aibu kusema kwamba yeye hakuwa na habari ya ziara hiyo. Wakaiingiza kwenye ratiba, wakajibu kwa Mwandiko wa Mama: *Wapendwa, nipo njiani.*

Hiyo ni miaka miwili sasa. Kila Jumatatu Bwana Gwandumi na watu wake huja na suti, wakaimba wimbo wa taifa, wakakaa kwenye viti mpaka adhuhuri wakiitazama barabara. Kuku wa Baba Pili wanataga ndani ya kijiko cha tingatinga. Kamati bado haijavunjwa.

Anatoli naye hakukamatwa. Waziri aliamini kwamba wazo la kumwalika Rais lilikuwa lake yeye Waziri, akalikubali kwa unyenyekevu, na Mkuu wa Kitengo akapewa cheti cha utumishi uliotukuka. Kilichapwa kwa fonti ileile: *Hongera mwanangu. Tunajivunia wewe.*

Alikipeleka kwa mama yake jioni moja. Hakumkuta, alikuwa kwenye kikao cha kuvunja kamati, nyuma ya hema. Mezani alikuta karatasi chini ya kikombe. Alikuwa ameambiwa kwamba mama yake siku hizi haandiki tena kwa ule mwandiko, lakini hakuwa ameliona jambo hilo kwa macho. Bi Veneranda aliwaeleza majirani kwamba herufi kubwa Serikali ilizitupa yenyewe, kwa hiyo hakuna atakayekuja kumnyang'anya.

*ANATOLI. CHAKULA KIPO JIKONI. UKIMALIZA OSHA SAHANI.*

Aliisoma amesimama wima, kama askari wa gwaride. Kisha akaisogeza karibu na dirisha. Zilikuwamo A tisa. Ya kwanza imeegemea upande, ya tatu haikufunga juu, ya mwisho ina haraka ya mtu anayewahi kikao. Hakuna mbili zilizofanana.

Cheti alikiacha mezani. Karatasi aliikunja akaitia mfuko wa shati, akaenda jikoni akala, na sahani akaosha.